Majina ya Katikati: Nasaba za Kuumeni na Kukeni katika Kumuse ya Wabukusu

1.0 Utangulizi

Nasaba ni mojawapo ya tanzu za fasihi simulizi ambazo wahakiki wa Kiswahili wamezipita kwa haraka. Mwanahistoria huitumia kukadiria miaka. Mwanaanthropolojia huitumia kuelezea ndoa na urithi. Mhakiki wa fasihi, kwa upande wake, aghalabu huiona kuwa orodha kavu inayoutangulia utungo wenyewe. Anayeichambua kumuse ya Wabukusu, mathalan, hukimbilia methali zake, tamathali zake na maonyo yake, na kuyaruka majina. Makala haya yanashikilia kwamba majina hayo ni sehemu ya moyo wa utungo. Aidha, yanadai kwamba ubora wa nasaba kama kazi ya sanaa haupimwi kwa urefu wake wala kwa ukale wa jina linaloianzisha, bali kwa namna inavyowaweka watu wa katikati, yaani wale ambao hawakuasisi ukoo na wala hawako hai kujisemea.

Hoja hii itajengwa kwa mifano ya Bungoma na Kitale, na italinganishwa na nasaba moja ya Ugiriki ya kale, ile ya Hippocleides, mwungwana wa Athens ambaye leo hajulikani ila kwa wachache. Nia ya ulinganishi huo si kuipa kumuse heshima ya kuazima kutoka Ulaya. Sababu ni kwamba nasaba ya Athens imebaki maandishi matupu: uwanja wake umekwisha, hadhira yake imekwisha, na waliokuwa na haki ya kuibishia hawapo. Kwa hiyo inaonyesha waziwazi kile kinachosalia, na kile kinachopotea, nasaba inapotengwa na watu wake. Swali hilo si la kale tu. Linaihusu kumuse inayonakiliwa na wanafunzi wa shahada za juu hivi leo.

2.0 Uwanja wa Kumuse

Kumuse ni hotuba ya maliwazo inayotolewa baada ya maziko ya mzee mwenye hadhi katika jamii ya Wabukusu. Si kila mzee hufanyiwa, na si kila msemaji huruhusiwa kuitoa. Kazi hiyo ni ya wanaume wa koo maalumu, na anayeifanya huitwa omuswala kumuse. Hadhira huketi na kuacha nafasi wazi katikati. Fanani huipita nafasi hiyo kwa mwendo wa haraka, akienda na kurudi, fimbo mkononi, akinena bila kusoma popote. Wakati anaponena hakatizwi, na njia yake haikatwi.

Katika hotuba hiyo asili ya watu husimuliwa tangu Mubukusu. Mango hutajwa, yule aliyemwua nyoka mkubwa na baadaye akatahiriwa na majirani wa jamii ya Wakalenjini wa Mlima Elgon. Uhamaji wa koo huelezwa. Marika ya tohara hupangwa. Marika hayo ni manane: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikewi, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Jina la rika likishapita hurudi tena baada ya mzunguko wa takriban karne moja. Ndiyo maana nasaba za eneo hili ziliwavutia wanahistoria. Gideon Were, katika utafiti wake kuhusu Abaluyia uliochapishwa mwaka 1967, alizitumia nasaba za koo na hesabu ya vizazi kupata makadirio ya miaka, naye F. E. Makila akaandika muhtasari wa historia ya Wabukusu mwaka 1978. Kazi hizo ziliokoa mengi. Hata hivyo, swali la mwanahistoria lilikuwa moja: vizazi ni vingapi? Swali hilo hujibiwa na mstari mmoja ulionyooka kutoka baba hadi mwana. Mama hana kazi katika hesabu hiyo, kwa kuwa kumtaja hakuongezi kizazi hata kimoja.

Uwanja wa kumuse hauulizi swali hilo. Waliokaa pale si watu wa ukoo wa marehemu pekee. Wapo wajomba zake, yaani watu wa ukoo wa mama yake, wapo wakwe, wapo wapwa. Mbukusu anapojitambulisha kikamilifu husema ukoo wa baba yake na ukoo wa mama yake, na kijana hukatazwa kuoa katika koo hizo mbili pamoja na, kwa kawaida, koo za nyanya zake. Nasaba inayosemwa mbele ya watu kama hao haiwezi kuwa kamba moja. Fanani anapolitaja jina la mzee, kila kundi uwanjani husikiliza kwa sikio lake: hawa wanamsikia mwana wao, wale wanamsikia mpwa wao, wengine wanamsikia mkwe wao.

Huenda ikadaiwa kwamba hadhira isiyoruhusiwa kumkatiza fanani haina uwezo wa kumsahihisha. Dai hilo linachanganya ukimya na ridhaa. Hukumu ya hadhira ya kumuse huja baada ya uwanja, katika mazungumzo ya jioni na katika uamuzi wa kumwalika au kutomwalika fanani yule katika msiba ujao. Fanani anajua hivyo kabla hajafungua kinywa. Kila kiungo anachokitaja kina shahidi aliyeketi hatua chache kutoka kwake, na mashahidi wa kukeni hawana sababu ya kuwapendelea watu wa kuumeni. Hapo ndipo penye msingi wa kisanaa wa utanzu huu. Sifa za marehemu zinaweza kutiwa chumvi. Undugu hauwezi, kwa kuwa umezungukwa na wenyewe.

3.0 Hippocleides na Orodha Isiyo na Wanawake

Katika karne ya 5 kabla ya Kristo, mwandishi Pherecydes wa Athens aliiandika nasaba ya ukoo wa Wafilaidi. Maandishi yake yamepotea, lakini kipande hicho kilinakiliwa na Marcellinus katika wasifu wa mwanahistoria Thucydides, ambaye alihesabiwa kuwa na undugu na ukoo huo. Nasaba inaanza na Philaios, mwana wa shujaa Ajax, na kushuka kwa majina zaidi ya kumi hadi Miltiades, aliyekwenda kuasisi makazi ya Waathens katika rasi ya Chersonese. Majina ya juu ni ya mashujaa wa tenzi. Majina ya chini ni ya watu wa historia. Katikati wamo akina Akestor, Agenor na Agamestor, watu ambao kazi yao katika maandishi hayo ni kuziba nafasi. Hawakusemwa walitenda nini wala walioa wapi. Mmoja tu wa eneo hilo amepewa sifa: Hippocleides, ambaye inasemwa sikukuu ya Panathenaia iliasisiwa katika mwaka wa utawala wake, mwaka ambao kwa kawaida hukadiriwa kuwa 566 kabla ya Kristo.

Mtu huyo huyo ametajwa na Herodotus, lakini kwa namna tofauti kabisa. Cleisthenes, mtawala wa Sicyon, aliwaalika vijana bora wa Ugiriki wapate kushindania ndoa na binti yake Agariste, akawachunguza kwa mwaka mzima. Hippocleides mwana wa Tisander alikuwa amewapita wote machoni pa mkwe huyo. Sababu zilikuwa mbili: ushupavu wake mwenyewe, na undugu wa wahenga wake na watawala wa Corinth, watu wa nyumba ya Cypselus. Usiku wa karamu ya mwisho kijana akaagiza meza, akacheza ngoma juu yake, kisha akasimama kwa kichwa na kuichezesha miguu hewani. Cleisthenes akamwambia kwamba ameipoteza ndoa kwa kucheza. Hippocleides akajibu kwamba hilo halimshughulishi, na jibu lake likawa methali. Agariste akaozwa Megacles. Mwana wao Cleisthenes ndiye aliyeipa Athens mpangilio mpya wa kisiasa mwishoni mwa karne ya 6, na mjukuu wao wa kike, aliyeitwa Agariste kama nyanya yake, ndiye mama wa Pericles.

Mambo mawili yanastahili kuzingatiwa na mhakiki. Kwanza, orodha na hadithi hazipatani. Orodha inamleta Miltiades mara tu baada ya Hippocleides kana kwamba ni mwanawe, ilhali kwa mujibu wa Herodotus, baba wa Miltiades aliitwa Cypselus. Pili, na hili ndilo zito, jina hilo Cypselus ni jina la mtawala wa Corinth. Njia iliyo rahisi ya kueleza namna lilivyoingia katika nyumba ya Athens ni ndoa: binti wa nyumba ya Corinth aliolewa Athens, na mtoto akapewa jina la upande wa mama. Undugu uliomfanya Hippocleides apendelewe kuliko wenzake wote ulipita, kwa vyovyote vile, kwa mwanamke. Mwanamke huyo hana jina katika orodha wala katika hadithi. Alama yake ni jina la baba yake lililobaki kwa wajukuu.

Hivyo basi, mwungwana huyu ana nasaba mbili. Ya kuumeni, iliyoandikwa, inamfanya kuwa namba katika mstari. Ya kukeni, isiyoandikwa, ndiyo iliyomtendea kazi alipokuwa hai: ilimpa nafasi ya kwanza mbele ya mkwe. Mwandishi wa orodha alikihifadhi kile kilichowafaa wenye ukoo miaka mia baadaye, yaani njia ya kumfikia Ajax. Alikiacha kile ambacho watu wa siku ya karamu walikijua bila kuambiwa.

4.0 Ndugu wa Mumia

Mfano wa karibu na nyumbani ni Murunga. Mapema katika karne ya 20, serikali ya kikoloni ya Uingereza ilimweka Murunga kuwa chifu wa Wabukusu wa upande wa Kimilili, eneo ambalo katika kumbukumbu za serikali liliitwa Kitosh ya Kaskazini. Murunga hakuwa Mbukusu. Alikuwa Mwanga, mwana wa Nabongo Shiundu na ndugu wa Nabongo Mumia, ambaye mwaka 1909 alitangazwa kuwa chifu mkuu wa sehemu kubwa ya eneo hilo. Mumia ana wasifu, ana picha na ana mji ulioitwa kwa jina lake. Murunga ametajwa katika vitabu kwa maneno machache, na maneno hayo aghalabu ni haya: ndugu wa Mumia kwa baba.

Istilahi hiyo inahitaji kusomwa polepole. Kusema kwamba wawili ni ndugu kwa baba ni kusema kwamba mama zao ni tofauti. Istilahi imesimama juu ya wanawake wawili, na hapo hapo imewanyamazia. Katika nyumba ya mfalme mwenye wake wengi, baba hawatofautishi wana, kwa kuwa wote wana baba mmoja. Kinachowatofautisha ni nyumba ya mama: walikotoka wajomba, na nani atamwunga mkono nani siku ya kugombea kiti. Mwandishi wa kumbukumbu za serikali hakulihitaji jambo hilo. Alihitaji kujua kwamba Murunga ni damu ya Mumia, na kwamba kwa sababu hiyo anaweza kutumwa Kimilili. Kwake nasaba ilikuwa hati ya uteuzi.

Waliotawaliwa waliisoma hati hiyo vingine. Upinzani wa Wabukusu dhidi ya machifu wa Kiwanga umejadiliwa sana kama suala la siasa, na ni haki kufanya hivyo. Lakini lilikuwa pia suala la nasaba kama kauli. Heshima ya Murunga ilitegemea orodha iliyothibitishwa Mumias, mbele ya hadhira nyingine. Kimilili alisimama mbele ya watu ambao uwanja wao wenyewe haukuwa umemweka mahali. Kwa lugha ya uhakiki, alikuwa mhusika aliyehamishwa kutoka utungo mmoja hadi mwingine bila viungo vyake. Waingereza walidhani ukubwa wa jina husafiri wenyewe. Nasaba haisafiri hivyo.

Mfano wa Sudi Namachanja unaonyesha upande wa pili. Huyu alikuwa chifu Mbukusu wa upande wa kusini, mwenye wake na watoto wengi, na mmoja wa wanawe alikuwa Maurice Michael Otunga, aliyezaliwa Chebukwa mwaka 1923, akapata upadri mwaka 1950, akawa askofu mkuu wa Nairobi mwaka 1971 na kardinali mwaka 1973, na kufariki mwaka 2003. Katika orodha ya kuumeni, padri ni mwisho wa njia, kwa kuwa hana mwana wa kumfuata. Mstari ukimfikia husimama. Katika nasaba ya uwanjani, kinyume chake, mtu wa namna hiyo hasimamishi chochote: yeye ni mwana, ni ndugu, ni mpwa wa ukoo fulani na mjomba wa watoto wa dada zake. Watu wanaweza kumpitia kwenda pande nne bila yeye kuzaa. Tofauti ya aina mbili za nasaba haionekani wazi zaidi popote kuliko kwa mtu asiye na mtoto. Orodha humwona kuwa pengo. Kumuse ingeweza kumfanya fundo.

Fasihi ya Kiswahili ya pwani inalijua jambo hili tangu kale. Nasaba za watawala katika tarihi kama Habari za Pate hushuka kwa upande wa kuumeni, mtawala baada ya mtawala. Lakini kisa cha Fumo Liyongo, kama kilivyotungwa na Muhammad Kijumwa katika utenzi wake wa mwaka 1913, kinasukumwa na viungo vingine. Mama ndiye anayempelekea mfungwa mkate wenye tupa ndani. Ndoa ya Liyongo ni ya kwa Wagala, na mwana aliyezaliwa katika ndoa hiyo ndiye anayemwua baba yake kwa sindano ya shaba, akiahidiwa binti wa mtawala. Ukimwondoa mama, mke na ahadi ya ndoa, jina la Liyongo litabaki, lakini hapatakuwa na utenzi.

5.0 Kitale

Kutoka Bungoma hadi Kitale ni safari fupi, lakini kwa nasaba ni mabadiliko makubwa. Trans Nzoia ilikuwa nchi ya mashamba ya walowezi. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na Wabukusu wengi waliishi huko kama vibarua na maskwota. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, ardhi ilinunuliwa na watu binafsi, vyama vya ushirika na makampuni. Matokeo yake ni kwamba majirani wa shamba moja wanaweza kuwa wa koo mbalimbali za Kibukusu, pamoja na Wasabaoti, Waturkana, Wakikuyu na Wakisii. Viongozi wenyewe ni kielelezo cha uhamaji huo. Michael Kijana Wamalwa, mwana wa seneta William Wamalwa, alizaliwa upande wa Kimilili mwaka 1944, akawa mbunge wa Saboti na makamu wa rais mwaka 2003, na mwaka huo huo akafa na kuzikwa Kitale. Kaburi limehamia lilikohamia shamba.

Kumuse inayosemwa katika mazingira hayo ina kazi ngumu zaidi. Bungoma, fanani huwakumbusha watu wanachokijua. Kitale, sehemu ya hadhira haikijui, na hasa vijana, ambao kwao orodha ya koo ndiyo itakayoamua kama yule binti wa shamba la pili anaoleka. Mashahidi wa kukeni huenda wako mbali, Sirisia au Webuye, na kufika kwao kunategemea nauli. Pale wasipofika, nasaba hupoteza mizani yake. Fanani anaweza kurefusha upande wa wenye msiba bila mtu wa kumkazia macho. Kasoro ya namna hiyo ni ya kifani kabla haijawa ya kimaadili: utungo uliobuniwa kwa hadhira ya pande mbili unatolewa mbele ya upande mmoja.

Kando ya kumuse kuna utanzu mwingine, nao ni kijitabu cha mazishi kinachochapishwa na kugawiwa waombolezaji. Wahakiki wasikidharau. Kwa kawaida kijitabu hicho humtaja marehemu kuwa mwana wa fulani na fulani, baba na mama, kila mmoja kwa jina lake. Kisha huja shule, kazi, wake na watoto. Hapa pana faida ya kweli: mama amepata jina, jambo ambalo yule binti wa Corinth hakulipata. Lakini jina limekuja peke yake. Ukoo wake haumo, wala wajomba hawamo. Kumuse humwingiza mama kupitia watu wake, na mara nyingi watu hao humfunika. Kijitabu humwingiza yeye mwenyewe, kikawaacha watu wake mlangoni. Hakuna kati ya tanzu hizi mbili unaotosheleza, na mhakiki anayeusifu mmoja kwa kuubeza mwingine hajausoma wowote kwa makini.

6.0 Hitimisho

Inafuata kutokana na hayo kwamba kunakili kumuse kwa kuyaandika maneno ya fanani peke yake ni kurudia kazi ya Pherecydes. Majina yatahifadhiwa, na baada ya vizazi vitatu au vinne watu wa katikati watakuwa akina Akestor: sauti zinazoziba nafasi. Mtafiti anayekwenda uwanjani, Bungoma au Kitale, hana budi kuandika pia ni koo zipi zilizokuwapo na zilikaa wapi, ni nani aliyetarajiwa na hakufika, na ni jina lipi lililozua minong'ono. Baada ya hotuba, awatafute wajomba na awaulize kama mpwa wao ametajwa ipasavyo. Majibu yao ni sehemu ya matini, wala si maelezo ya pembeni.

Wazee husema mwacha asili ni mtumwa. Methali hiyo imezoeleka kutumiwa kumrudisha mtu kwa baba yake. Mifano ya Hippocleides, Murunga na Liyongo inaonyesha kwamba asili ina milango miwili, na kwamba mlango uliopitiwa na mambo makubwa mara nyingi ndio ule ambao mwandishi hakuuandika. Wazee wanaoweza kuyataja majina ya upande huo bila kusitasita wanazidi kupungua kila msimu wa kumuse, na kila anayeondoka bila kuulizwa huacha nyuma yake mstari ulionyooka zaidi, na wa kweli kidogo zaidi, kuliko ule aliourithi.